Vipeuo Katika Nyumba ya Fromaji

Tulimzika Prof Anselme kwenye kilima kilicho juu ya Kashuga, asubuhi ya ukungu, nami nilikuwa bado na matope ya safari kwenye sketi kwa sababu pikipiki kutoka Walikale ilituangusha mara nyingi kuliko ilivyotubeba. Alikuwa mwalimu wangu wa hisabati katika mwaka wa sita wa sekondari, mwaka ambao kwetu Kongo mtu hufanya mtihani wa Serikali na kujua kama ataendelea na masomo au la. Vijana aliowafundisha miaka ya baadaye walisimama mmoja mmoja kumsifu, na karibu wote walisimulia jambo moja. Siku ya kwanza ya mwaka, kabla hata ya kuuliza majina yao, Prof aliwatoa nje, akapigilia kijiti katikati ya uwanja, akafunga kamba, akawachorea duara kubwa na kuwatembeza juu yake mpaka waelewe kitu kinachoitwa radiani. Walisimulia wakicheka, na waombolezaji nao wakacheka, maana Prof alikuwa mtu wa vituko. Mimi sikucheka. Nilijua kwa nini alianza na kamba kila mwaka, na nilijua kwamba katika mwaka wetu hakuanza nayo.

Ng'ambo ya kaburi, kati ya akina mama waliokuja kupika, alisimama mwanamke mwembamba mwenye mwiko mkononi. Nilimtambua kwa paji la uso kabla ya kitu kingine chochote. Dorcas alikuwa na paji pana lenye mkunjo mmoja katikati, mkunjo ambao zamani ulitokea akifanya hesabu tu, na sasa naona umehamia hapo moja kwa moja. Tulisoma pamoja mwaka ule wa sita wote. Sikuwa nimemwona tangu tulipoachana Walikale tukiwa wasichana, na kila niliyemuuliza habari zake alinijibu kwamba yuko Rubaya kwenye machimbo, au alikuwa Rubaya, au labda amekwisha kufa. Alinitazama, akaniinulia mwiko, yaani subiri, tutaongea. Nikasubiri. Mvua ilianza, ikaacha, ikaanza tena, na mwaka ule ukanirudia wote, nipende nisipende.

Watu wakiandika kumbukumbu zao huanza na babu. Babu yangu nitamwacha alale. Inatosha kusema kwamba kwetu Kashuga, katika Masisi, tulifuga ng'ombe na kuuza maziwa, kwa kina Dorcas walilima maharagi na muhogo kwenye mteremko unaotazamana na wetu, na wasichana katika kalasi ya hisabati na fizikia tulikuwa mimi na yeye tu. Shule ilikuwepo, na mabati yake mazima, lakini kila chumba kilijaa familia zilizokimbia vita kutoka vilima vya nyuma, na hapakuwa na mwalimu mwenye roho ya kumwambia mama wa watoto aondoe chungu chake mbele ya ubao. Madarasa ya chini yalisoma chini ya maturubai. Sisi wa mwaka wa sita, kwa sababu ya mtihani, tulipewa nusu ya nyumba ya fromaji ya Papa Mutabazi, mfugaji mwenye kelele nyingi na moyo mwema. Fromaji ndiyo jibini yetu ya Masisi, ya mviringo, ya manjano, nzito mkononi. Zilipangwa kwenye rafu za mbao kutoka sakafuni hadi darini, zikitoa jasho, na chini yake maji ya maziwa yalidondoka kwenye mabeseni mchana kutwa. Tulikalia bidoni, yale madumu ya maziwa, zilizopinduliwa. Ubao wetu ulikuwa mlango ulioondolewa kwenye bawaba zake na kupakwa masizi ya sufuria, na chaki ilipokwisha tuliandika kwa vipande vya muhogo mkavu. Ukifuta hesabu yako mara mbili, Prof alikuwa akiguna na kusema kwamba sasa unamalizia watu ugali.

Nguo zangu zilinuka maziwa chachu mwaka mzima, na mpaka leo nikipita mahali wanapouza fromaji kichwa changu kinaanza chenyewe kutafuta nusu ya pembe. Mchana Papa Mutabazi alitupa jagi moja la yale maji ya maziwa tupokezane. Dorcas alileta maharagi ya kuchemsha kwenye jani la mgomba, mimi nilileta maziwa kwenye kibuyu, tukala pamoja tukichokozana. "Nyiye bantu ba ngombe munakunywa tu," aliniambia, "Mungu aliwapatia meno ya nini?" Nami nikamjibu kwamba wao wa maharagi tunawasikia kabla hawajafika. Nyuma ya rafu, wakidhani hatuwasikii, Prof na mwenye nyumba walibishana kila siku maneno yaleyale. "Prof, batoto yako banaangaliaka fromaji yangu kuliko ubao." "Ni juu ubao haina harufu, Papa." "Basi ubafundishe na macho yamefungwa!" Kisha wote wawili wanacheka, na darasa linaendelea.

Dorcas hakuwa na muda wa kucheka sana. Baba yake alikuwa amesema wazi, mbele ya watu, mlangoni mwa kanisa: mwaka huu mmoja nakuachilia, na baada ya hapo ni zamu ya wadogo zako. Ukifaulu, utaenda Goma kwa shangazi yako kusoma. Ukianguka, unarudi shambani na sitaki kusikia tena habari za rasini kare. Ndivyo tulivyoita kipeuo cha pili, kwa Kifaransa cha shule. Dorcas alitaka kuwa enjenia wa madaraja. Njiani kuelekea nyumba ya fromaji kulikuwa na kijito chenye daraja la magogo ambalo kila mvua kubwa ililizoa, na kila lilipozolewa alisimama ukingoni akilitazama kwa hasira, akinieleza gogo lipi liliwekwa vibaya. Mimi nilitaka tu kuvuka nisilowe. Tofauti yetu ilikuwa hiyo, na haikuwa ndogo.

Kitu alichokipenda Prof Anselme kuliko vyote ni vipeuo vilivyo ndani ya vipeuo. Aliandika √(2 + √(2 + √2)) kwenye ule mlango, akarudi nyuma hatua chache, akaitazama kwa upendo kabisa. Kwa mtu asiyezoea, ni fujo: mbili kujumlisha kipeuo, na ndani ya kipeuo hicho kuna mbili nyingine kujumlisha kipeuo kingine, paa chini ya paa. Wengi wetu tulianza nje, tukiinua kila kitu kwenye mraba, na tukapotea. "Muntu anaingia mu nyumba anazima taa fasi gani?" Prof aliuliza. "Chumba ya ndani kwanza!" tulijibu kwa pamoja. Basi unaanza na kile kipeuo cha mbili cha ndani kabisa, na unakumbuka kwamba ni sawa na mbili mara kosinisi, yaani kosaini, ya digrii arobaini na tano. Sasa una mbili kujumlisha mbili mara kosinisi. Na kuna kanuni ya zamani ya pembe inayosema kwamba moja kujumlisha kosinisi ya pembe fulani ni mara mbili ya mraba wa kosinisi ya nusu ya pembe ile. Ukiitumia, chini ya paa hakubaki kujumlisha tena, kunabaki mraba mtupu, na mraba ukikutana na kipeuo paa linaondoka. Arobaini na tano inakuwa ishirini na mbili na nusu. Unatoka chumba cha pili, unafanya vilevile, pembe inakatwa tena katikati, na unajikuta nje ya nyumba umeshika kitu kidogo kisafi: mbili mara kosinisi ya digrii kumi na moja na dakika kumi na tano, maana digrii moja ina dakika sitini. Mara ya kwanza Dorcas alipolifikia jibu hilo peke yake alinifinya mkono mpaka nikapiga kelele, na Papa Mutabazi akatoka nyuma ya rafu akidhani ni panya.

Mimi nilielewa polepole, na kwa kunung'unika. Dorcas ndiye aliyenivuta. Nilipoacha alama ya hasi itoke kwenye kipeuo alinigonga kichwa kwa kipande cha muhogo, na nilipotaka kukisia alinikatalia kabisa. "Prof alisema nini? Kama haukufika, usiseme umefika." Alilishika neno lile kama amri ya kanisani.

Kulikuwa na somo moja ambalo hatukulipata. Pembe hupimwa kwa digrii, lakini wenye hisabati ya juu huipima pia kwa radiani. Unachukua kamba yenye urefu wa kutoka katikati ya duara hadi ukingoni, unailaza juu ya ukingo wenyewe, na pembe inayofunikwa ni radiani moja. Kwa kipimo hicho nusu duara, yaani digrii mia na themanini, ni pi. Huo ndio ujuzi wote, mstari mmoja ubaoni. Somo hilo ni la mwaka wa tano, na mwaka wa tano sisi tuliutumia kukimbia, kulala makambini na kurudi. Prof alijua kwamba tunadai somo lile. Lakini alikuwa na namna yake ya kufundisha, na namna hiyo ndiyo iliyotufanya tumpende: hakutoa kanuni ambayo miguu yetu haikuikanyaga. Alitaka kutuchorea duara katika malisho yaliyo nyuma ya nyumba ya fromaji, kubwa kiasi kwamba darasa zima lisimame juu yake, na kwa hilo alihitaji ng'ombe wayale majani mpaka yawe mafupi, na ardhi ikauke. Masisi, kukauka! Wiki zikapita, mvua juu ya mvua. Mwenzetu mmoja alimwambia, "Prof, andika tu, tutashika na kichwa." Akatikisa kichwa. "Ntaandika, mutashika, kesho mutaitupa. Radiani ni kazi ya muchana moja. Tutaitembea. Haikimbie." Nimefundisha miaka mingi sasa, na bado sijui ningemjibu nini. Alikuwa sahihi, na usahihi wake ulitumaliza.

Jua lilitoka hatimaye. Ng'ombe walikuwa wamekula malisho yakabaki mafupi, na Prof alikuja asubuhi na kamba begani, mchangamfu, akapigilia kijiti. Alikuwa ameanza kupima urefu wa kamba tulipowaona watu wakiteremka kilima cha mbele, magodoro vichwani, mbuzi wakiburutwa. Kisha tukasikia milio. Prof aliikusanya kamba, akaizungusha kwenye kiwiko polepole, kama vile mikono yake haijaambiwa habari, na akatuagiza kila mtu aende kwao. Papa Mutabazi alikuwa akitembea ndani ya nyumba kutoka rafu hadi rafu akigusa fromaji zake. Hakuzichukua. Angezichukua na nini?

Barabara ya kwenda mahali tulipopaswa kufanyia mtihani ilifungwa, na neno likaja kwamba wanafunzi waliokatiwa njia wanaweza kufanyia Walikale. Walikale! Kwetu watu wa juu, wa baridi, huko chini ni msitu na joto na siku za kutembea. Waliokubali walikuwa wachache. Mke wa Prof alikuwa amejifungua juma lile, hawezi kubebwa wala kuachwa, kwa hiyo Prof alitusindikiza hadi kijitoni tu. "Chumba ya ndani kwanza," alisema. Dorcas akamuuliza, "Na radiani, Prof?" Alitazama njia, akatutazama sisi. "Nitabafwata. Mama akisimama tu, nitabafwata. Nitawapatia kule, mbele mtihani ianze, hata barabarani." Alikuwa akisema kweli yake. Njia ilifungwa nyuma yetu siku iliyofuata, naye hakuweza kupita.

Sitaieleza safari ile yote, maana nilikuwa msafiri mbaya na nililalamika kwa kila kitu: siafu, joto, miguu, ukosefu wa maziwa. Dorcas alichukua fimbo, na kila tulipopumzika aliandika vipeuo kwenye matope akanilazimisha nivifungue. Tulifika Walikale jioni, na mtihani ulikuwa kesho yake asubuhi. Mama Vumilia, muumini wa kanisa aliyekubali kutupokea, alikuwa na nyumba ya mbao yenye nyufa, na alitupa sombe, yaani kisamvu, yenye mawese, samaki wa moshi na kwanga, ule mkate wa muhogo, chakula ambacho sijawahi kukila tena kwa njaa kama ile. Tulipokuwa tukinawa tulimsikia upande wa pili wa ukuta akiongea na jirani yake. "Batoto ba Masisi bamefika, miguu imevimba. Banauliza fasi ya kusomea, si fasi ya kulala." Na jirani: "Basome nini tena? Vita iko na mtihani?" "Uache," akasema Mama Vumilia. "Kama njo kintu imebakia mu mikono yao, uache."

Kesho yake, mtihanini, swali lile la vipeuo lilitoka. Naliona mpaka leo, katikati ya ukurasa, paa tatu kama Prof alivyozichora. Mtihani wetu ni wa kuchagua: majibu manne, na la tano linasema hakuna jibu sahihi. Nilimwona Dorcas, safu mbili mbele yangu, mgongo wake ukinyooka kwa furaha, na najua hakuhitaji hata kuandika. Kisha nikaona mgongo ule ukikaa kimya. Majibu yote yaliandikwa kwa pi. Mbili mara kosinisi ya pi gawanya kwa nane, gawanya kwa kumi na sita, na mengine ya namna hiyo. Sisi pi tuliijua ni namba ya kupimia maduara, tatu nukta kumi na nne, basi. Ukiigawanya kwa kumi na sita unapata kitu kidogo kabisa, chini ya robo ya digrii, na Dorcas alikuwa na kumi na moja na dakika kumi na tano, jibu alilolijua kama jina lake. Aliyekuwa na akili na uaminifu angefanya nini? Alichagua la tano: hakuna jibu sahihi. Na katika kila swali la pembe lililofuata, ukurasa baada ya ukurasa, alifanya hesabu vizuri, akalikosa jibu lake kwenye orodha, akachagua la tano. Wenzetu hodari wa nyumba ya fromaji, nilikuja kujua baadaye, walifanya vilevile, mmoja baada ya mwingine, bila kuonana. Mimi sikuwa hodari. Sikuelewa pi inafanya nini pale, nikachagua lile la kumi na sita kwa sababu lilionekana limegawanywa mara nyingi, na maswali mengine nayo nikayapita kwa kukisia hivyohivyo.

Tukitoka Dorcas alisema sentensi moja tu. "Jibu yangu haikukuwa mule." Nilitaka kuuliza, akaniwekea mkono mdomoni. Kwetu wanafunzi waliamini kwamba mtihani ukiisha hauzungumzwi, ukiuzungumza alama zinashuka, na yeye ambaye hakuamini ushirikina wowote aliamini ule. Tulibaki kwa Mama Vumilia kungojea matokeo, maana hata kurudi hatukuweza. Tulimenya mihogo, tukateka maji, tukasikiliza mvua kwenye majani ya paa. Watu waliopita walileta habari za Kashuga, kila mmoja na zake, na hatukuwa na namna ya kujua ni ipi ya kweli.

Kwetu anayefaulu mtihani wa Serikali humwagiwa poda nyeupe kichwani na kutembezwa mitaani akiimbiwa. Madukani poda ilikuwa imekwisha, kwa hiyo Dorcas alichekecha unga wa muhogo, mwingi, wa kutosha watu wote, akauweka kwenye sahani kubwa chini ya meza ya redio. Majina yalisomwa kwa shule. Letu lilipofika tulishikana mikono. Walisoma majina machache, yale ambayo hakuna mtu aliyeyatarajia, kisha wakasoma langu na asilimia yangu nyembamba. Kisha mtangazaji akapumua, akataja shule nyingine. Dorcas alibaki ameinamisha kichwa upande wa redio, akisikiliza majina ya shule ile isiyo yetu, na ya nyingine iliyofuata. Nilitamani kuizima. Halafu alisimama, akachukua sahani, akaniambia, "Inama," kwa kuwa nilimzidi urefu. Nikainama. Alinimwagia unga wote, polepole, akaupaka hadi kwenye nyusi zangu, akawageukia watoto wa Mama Vumilia: "Muimbe basi! Muko na haya ya nini?" Na ni yeye aliyeanzisha wimbo. Niliimbiwa na Dorcas, nikitembea nikilia, na watu wa Walikale waliona msichana anayelia kwa furaha.

Baba yake hakuwa tena na shamba la kumrudishia. Familia ilikuwa imekimbilia Rubaya, kwenye vilima vya koltani, na Dorcas akawafuata na wachuuzi waliokuwa wakielekea huko. Nilimsindikiza mpaka nyumba za mji zilipoishia. Nilisikia baadaye kwamba anabeba mifuko ya mchanga wa madini mgongoni, kutoka mashimoni hadi barabarani, kisha nikaacha kusikia.

Mimi nilienda chuo cha ualimu Kisangani. Juma la kwanza mwalimu aliandika pi gawanya kwa kumi na sita, nikainua mkono na kuuliza pi inatafuta nini ndani ya pembe. Ukumbi mzima ulicheka. Mwalimu hakucheka, aliandika 180° = π, akaendelea. Nilitoka nje, nikakaa kwenye ngazi, nikagawanya mia na themanini kwa kumi na sita kwenye kiganja. Kumi na moja na robo. Kumi na moja na dakika kumi na tano. Nilikasirika mpaka masikio yakaziba, na sikupata mtu wa kumkasirikia. Prof, aliyetaka tuelewe kwa kweli? Mvua? Wale ng'ombe, waliochelewa kula majani? Wenye bunduki ambao hata sura zao sikuziona? Nilipompata Prof kwa simu, mwaka mwingine, nilimweleza. "Dorcas iko wapi?" aliuliza. Nikamwambia sijui. "Umutafute," akasema, "na miye ntamutafuta." Tulitafuta, kila mtu upande wake, na hatukumpata. Septemba iliyofuata Prof alianza mwaka kwa kijiti na kamba.

Mazishi yalipokwisha na watu kunyeshewa vya kutosha, nilizunguka nyuma ya nyumba kulikokuwa na majiko. Dorcas alinipa kisu na rundo la ndizi za kumenya bila salamu ndefu, kama vile tuliachana jana. Ana watoto, mkubwa ameoa. Alirudi Kashuga juzijuzi tu, na alimkuta Prof akiwa tayari hawezi kusema. Tulimenya. Kisha akajisogeza karibu.

"Espe, banasema weye njo unafundisha maths kule Walikale."

"Njo kazi yangu."

"Nikuulize kintu. Usinicheke." Akageuza mwiko, na kwa mpini akaandika kwenye majivu zile paa tatu, sawasawa, bila kusita hata mahali pamoja. "Hii. Miye napata kumi na moja na dakika kumi na tano. Nikiwa na muzigo kule Rubaya, naifungua. Nikinyonyesha, naifungua. Kila mara napata ileile, na mule haikukuwa. Nilisema labda kuna chumba naruka, siioni. Kisha nikasema hapana, ni kichwa tu. Kichwa haikukuwa ya masomo, na Papa wangu alijua."

Ningeweza kumwambia kwamba karatasi ilikosewa kuchapwa. Jambo hilo hutokea, na angeliamini. Lakini kwa miaka yote ile nilikuwa nimembebea habari hii kama zawadi, nikiamini kwamba siku nitakayompa atanyooka mgongo tena. Nikachukua mwiko, nikaandika chini ya paa zake ule mstari mmoja, na nikamweleza ni nini na kwa nini hatukuupata. Mkunjo wa paji ulizama. Midomo yake ikatembea kidogo, akigawanya kwa nane, akigawanya tena kwa mbili.

"Ni yangu," akasema.

"Ni yako."

"Ilikuwa mule."

"Ilikuwa mule, Dorcas. Haukukosea. Hata kamoja haukukosea."

Aliendelea kutazama majivu. Mtu aliita kutoka mbele akiuliza chakula kiko wapi, akaita tena. Nilingoja nione uso wake ukifunguka. Haukufunguka. Alikusanya maganda ya ndizi mapajani, akayatupa juu ya maandishi, akasema bila hasira, kwa sauti ya mtu aliyechoka:

"Afazali ningelikosea, Espe. Kukosea nilikuwa nimeisha kuizoea."